Mtakatifu Aliyekwanguliwa Macho

Mara ya kwanza yule bibi wa Kigiriki kunisemesha Kiswahili, alinikuta natukana. Nilikuwa nimepanga chumba cha mbele cha nyumba yake huko Malvern, Johannesburg, mtaa mmoja nyuma ya Jules Street, chumba ambacho zamani marehemu mumewe aliuzia mikate na sigara, nikaweka cherehani yangu humo. Mpaka siku hiyo tulikuwa watu wa kupungiana mikono dirishani, basi. Sasa nilikuwa kwenye simu na mwanamume mmoja wa Kikongo aliyeniuzia zipu zinazong'oka meno, nikampa Kiswahili chote nilichotoka nacho Tanga, cha mbele na cha nyuma. Nilipokata simu nikasikia sauti mlangoni: "Binti. Matusi hii ya Tanga. Mimi jua."

Nikageuka. Alikuwa amesimama na fimbo yake, bibi kizee mwembamba mwenye miwani, nguo nyeusi juu mpaka chini, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe aliishi Korogwe miaka na miaka, mumewe akiwa msimamizi wa shamba la mkonge, mpaka serikali ilipoyachukua mashamba nao wakafunga virago kuja huku kusini. Kwa aibu nikapiga goti kidogo nikasema, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia. Akaniambia tangu aondoke Korogwe hakuna aliyempa shikamoo.

Mimi nilifika Johannesburg mwaka 1994 nikimfuata mume wangu, mzaliwa wa huku aliyekuwa ukimbizini Morogoro, na milango ya kwao ilipofunguliwa akarudi na mke asiyejua hata neno moja la Kizulu. Watoto walikamata Kizulu na Kiingereza upesi. Kiswahili changu wanakielewa, hasa nikiwagombeza, lakini wakijibu wanajibu kwa lugha yao. Kwa hiyo mtu wa kuzungumza naye mchana kutwa akawa ni yule bibi. Ananiletea kahawa ya kikombe kidogo, chungu kama shubiri, anakaa kwenye kiti cha wateja.

Nisidanganye, haikuwa asali tupu. Babu yangu alikata mkonge maisha yake yote. Siku moja mdomo wangu huu ukanitangulia, nikamwambia, "Bibi, huenda babu yangu aliwahi kukupisha njiani, na mzigo kichwani." Nilingoja ajitetee nimpashe vizuri. Hakujitetea. "Pengine," alisema. "Mimi hapana tazama uso yao. Vibaya sana."

Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha shambani, cha kuamrishia: lete, weka, ngoja, toka. Viambishi alivitupa njiani. Nani anatenda na nani anatendewa, ukisie mwenyewe. Nikawa hodari wa kumnyoosha kimoyomoyo. Anasema kilichopinda, mimi nasikia kilichonyooka, maisha yanaendelea.

Nyuma ya nyumba yake, ukivuka uchochoro, kulikuwa na kanisa dogo la mawe, dogo kweli, sebule mbili za watu wa kawaida zingelimeza. Lilijengwa na familia chache zilizotoka kijiji kimoja milimani huko kisiwani Saiprasi, mfano wa kanisa la kwao. Lile la kwao lina umri wa mamia ya miaka, na ndani limejaa picha tangu sakafuni hadi darini, hakuna penye nafasi ya kubandika kiganja. Hili la Malvern kuta zake zilikuwa nyeupe tupu. Bibi alinionyesha picha ya zamani iliyopigwa kijijini: mwanamke wa ukutani, mrefu, amejitanda shela, ameshika sahani, na ndani ya sahani pana alama mbili za mviringo. Yalikuwa macho, akasema, huyo ndiye mtakatifu wa wagonjwa wa macho. Lakini macho yenyewe hayakuwepo, si ya sahani wala ya usoni. Palikuwa na mashimo meupe, kama mtu kachokonoa kwa kisu. Nikamuuliza nani kamfanyia mwenzake unyama huu. Akaichukua picha yake akairudisha mfukoni.

Naye macho yake yalikuwa yanakwenda. Presha ya macho, na daktari alishamwambia dawa zimefika mwisho. Giza lilianzia pembeni likija katikati, na alipoangalia kitu alikilenga kwa uso mzima, kama mimi ninavyolenga tundu la sindano. Ndipo akanieleza kwamba wenzake wa kanisani wamepata fundi kutoka Ugiriki, fundi wa kweli, anayefanya kazi kama walivyofanya wa kale. Akanishika mkono. "Fundi nakuja. Mimi taka yeye ona, mbele ya macho yangu kwisha. Yule wa sahani." Nikamnyoosha kama kawaida: anataka amwone mtakatifu wake kabla hajapofuka. Nikasema moyoni, Mungu akipenda atamwona, na kama fundi ni mzembe atanitambua.

"Huyo fundi atafanya nini hasa?" nikauliza.

"Andika ukuta."

"Kukandika?"

"Andika."

"Bibi, ukuta unakandikwa. Kinachoandikwa ni barua."

Tukabishana mpaka kahawa ikapoa. Kwao, alinieleza, kuchora na kuandika ni neno moja, na mtakatifu hachorwi, anaandikwa. Mimi nimelelewa na wanawake waliokandika nyumba kwa mikono yao, udongo mpaka viwikoni, sikukubali. Basi fundi akaja mwanzoni mwa kipupwe, mwanamume mnene mwenye ndevu na sweta lililotoboka, akashusha nini? Chokaa na mchanga. Nikamtazama Bibi kwa ushindi. Asubuhi ile akakandika kipande cha ukuta, kiasi cha kanga iliyotandazwa, akakilainisha kwa mwiko. Saa sita akachukua brashi, akaanza kuandika juu yake kikiwa bado kibichi. Kumbe wote wawili tulikuwa sahihi. Bibi hakunisamehe lile tabasamu la asubuhi.

Mimi ni Mwislamu. Ijumaa nikipata nafasi nilikuwa napanda teksi mpaka Mayfair kusali na kina mama wa Kisomali, na sikulelewa kutazama sura za watu kwenye nyumba ya ibada. Nilijiambia naingia kumshika mkono mzee asijikwae. Lakini macho hayana pazia. Nilisimama chini ya jukwaa la fundi nikaona malaika anatokea. Kwanza udongo wa kijani usoni, nikadhani fundi kakosea. Halafu manjano juu yake, halafu wekundu kidogo mashavuni, halafu mistari myeupe membamba, na ghafla kulikuwa na mtu pale ambaye dakika moja nyuma hakuwepo. Nywele zilinisimama mwilini. Nikatamka "subhanallah" bila kujua, fundi akageuka akaniangalia.

Alinieleza, kwa Kiingereza chake kilichovunjika kama changu, kwamba rangi ile haikai juu ya ukuta, inaingia. Chokaa ikikauka inaishika, ukuta na picha vinakuwa kitu kimoja, na ndiyo maana za kule kijijini zingali hai mpaka leo. Lakini ni lazima umalize kipande chako siku hiyo hiyo. Kikikauka hujamaliza, au umekosea, hakuna kufuta wala kiraka. Unakibomoa. Mimi ninayefumua pindo mara tatu kabla ya chai nilishangaa jinsi mtu anavyoweza kuishi na kazi ya namna hiyo.

Tatizo likawa kwamba anaanzia juu. Darini kwanza, kisha kuta, akishuka pole pole. Mtakatifu wa Bibi mahali pake ni chini kabisa, karibu na mlango, upande wanaposimama wanawake. Nilipolijua hilo nilimfuata fundi kiguu na njia. Nikamwambia kuna mzee anapoteza macho, aanze na yule wa mlangoni, malaika watangoja, wao hawana presha. Akasema ukianza chini, maji ya chokaa ya juu yatamchuruzikia usoni. Nikamwambia tumfunike. Akasema hapana. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akauliza maana yake, nikamweleza, akacheka, akapanda ngazi. Eish, nilimchukia yule mtu kwa wiki nzima.

Kipupwe cha Johannesburg hakina mvua hata ya dawa. Hewa inakauka mpaka midomo inachanika, na nguo ukianika asubuhi saa nne unakunja. Chokaa ya fundi ikawa inashika ngozi kabla hajafika nusu ya kazi. Siku moja alikuwa ameandika kundi zima la wazee wenye vitabu mikononi, nikaja jioni nikamkuta amekaa sakafuni, ukuta umepasuka nyufa nyembamba kama chungu kibaya. Akachukua nyundo, akawabomoa wote. Nyuso zile, zilizokuwa zikinitazama mchana, zikaanguka vipande vipande kwenye gunia. Bibi alikuwa nje uani, anasikia.

Hasira zangu zikabadilika njia. Nikachukua majora ya marekani, kitambaa kile kigumu cha shuka za bei ya chini, nikaunga mapazia mapana ya milango na madirisha ya kanisa. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka nayalowanisha uani, maji ya baridi ya Julai yananiuma mpaka kwenye mifupa, kisha fundi na mimi tunayatundika yakichuruzika. Ndani pakawa na unyevu, na harufu ya mvua. Chokaa ikakubali. Mume wangu akaanza kunitania eti amerudi kwao na Mtanga Mwislamu, na sasa ana mke fundi wa kanisa la Wagiriki. Nikamwambia anyamaze ale ugali wake.

Ukuta ukawa unashuka. Bibi naye akawa anashuka. Ilianza na kikombe, anakiweka hewani pembeni ya meza. Halafu akawa ananisalimia wakati mimi nipo upande wa pili. Akinywesha maua, anamwagilia matofali. Nilikuwa napima kila jioni: fundi amefika kwenye mabega ya wafalme wa ukutani, Bibi hajaona paka amelala kitini. Fundi amefika magotini pa wafalme, Bibi amenishika uso kwa vidole kujua kama nimesuka nywele. Nilikuwa naogopa kulala, naogopa kuamka.

Siku moja fundi akaja dukani na ile picha ya zamani. Alitaka kujua macho ya mtakatifu yalikuwaje, rangi gani, yanatazama wapi, maana hakuna picha inayoyaonyesha. Bibi ndiye mkongwe kuliko wote waliobaki. Wakazungumza Kigiriki. Nikaona fundi anakunja uso, halafu anafungua mdomo, halafu anaondoka bila kuaga. Nikafunga cherehani. "Bibi, umemwambia nini?"

Akanieleza. Ilichukua muda, kwa Kiswahili kile, lakini sikumkatiza hata mara moja, na wanaonijua watashangaa. Kijijini kwao, mtu akiugua macho, mama zake huenda kanisani na kisu kidogo. Wanakwangua chokaa kwenye macho ya yule mtakatifu, ule unga wanautia kwenye maji, mgonjwa anakunywa. Ndivyo walivyofanya vizazi na vizazi. Wageni wakija wakiona mashimo, husema ni maadui wa dini waliofanya vile, na wanakijiji huitikia kwa kichwa tu. Yeye alipokuwa mtoto macho yake yalivimba yakafunga kwa usaha, akawa haoni. Mama yake alimbeba mpaka kanisani. Macho ya mtakatifu yalikuwa yamekwisha yote, imebaki alama ndogo ya mboni, upande wa kushoto. Mama akaikwangua hiyo. Na alipona.

"Ya mwisho, mimi kunywa," alisema. "Nyuma yangu, watoto nakuja, hapana kitu. Yeye kipofu kabisa. Sasa yeye nataka yake."

Nadhani alitarajia nitakunja uso kama fundi. Lakini mimi nimezaliwa Tanga. Kwetu mtoto akiugua ugonjwa usioeleweka, mwalimu wa chuoni huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakasuuzwa kwa maji ya marashi, mtoto akanywa. Tunaita kombe. Nimekunywa kombe kabla sijajua kusoma, na ladha yake naijua mpaka leo. Nikamwambia, "Bibi, hukuiba. Kilichoandikwa kikanywewa ni dawa. Sisi wote tumekunywa." Akanishika mkono akaung'ang'ania, na tukalia, yeye kwa yale macho yanayofifia na mimi kwa haya yangu mazima. Nilimpenda sana siku ile, na nilimwogopea.

Zamu ya mtakatifu ikafika mwanzoni mwa Agosti, siku yenye upepo wa vumbi. Fundi alikandika kipande cha mlangoni kwa mkono mwepesi kuliko siku zote, na mimi nikalowanisha mapazia mara mbili. Aliandika shela, akaandika vidole vilivyoshika sahani, akaandika uso wote bila macho, akapumzika. Halafu akaniambia nikamlete.

Nilimkuta Bibi kitandani, amevaa tayari, viatu miguuni. Dirisha lake linatazama kaskazini na jua lilikuwa limejaa chumba kizima. "Binti," akasema, "fungua pazia." Pazia lilikuwa wazi. Nikalivuta kidogo, lilie kwenye bomba lake, asikie, nikasema, "Tayari, Bibi." Akaitikia kwa kichwa. Nilijua, na yeye alijua kwamba nimejua. Tumechelewa. Miezi yote ile, maji ya baridi, ugomvi, yote, na tumechelewa kwa siku moja au mbili. Nilivuka ule uchochoro nimemshika mkono, nina hasira na Mungu, na fundi, na malaika wote wa darini.

Tulipoingia, fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta, anaandika macho. Manne: mawili ya usoni, mawili ya sahani. Nilimwona akiweka mboni, kahawia iliyokolea, kwa mkupuo mmoja kila moja, halafu kile kimstari cheupe kinacholeta uhai. Nimezaa watoto watatu, na kila mmoja alipofumbua macho mara ya kwanza niliishiwa pumzi. Hapa ikawa vile vile. Mwanamke yule wa ukutani, aliyekuwa chokaa asubuhi, alikuwa ametutambua.

Fundi akaosha brashi kwenye kibakuli. Maji yakawa ya kahawia. Sikufikiri mara mbili, nikakichukua. Fundi akasema kina chokaa, kitamchoma koo. Nikamwambia tone la ncha ya ulimi haliui. Nikamwekea Bibi mikononi.

"Nini hii?"

"Kombe, Bibi. Ni macho yake, yametoka sasa hivi. Onja upone, umwone."

Alikishika. Alikinusa. Kisha akakinyoosha kuelekea kwangu. "Hapana, binti. Mimi kwisha kunywa."

"Lakini wewe mwenyewe ulisema unataka kumwona."

"Nani sema? Mimi sema, taka yeye ona."

Nikabaki na kibakuli mkononi. Miezi mingapi nimekuwa nikimnyoosha mwanamke huyu, na hapa palipokuwa pamenyooka ndipo nilipopapinda. Hakuwahi kuomba amwone. Alitaka yeye, yule, aone. Arudishiwe macho yake wakati aliyeyanywa bado yu hai wa kumrudishia.

"Yeye naona?" akauliza. Sauti ilikuwa ya mtoto.

Nikamtazama mtakatifu. Macho makubwa, mabichi, yenye unyevu, yalikuwa yameelekea pale pale tuliposimama.

"Anaona, Bibi."

"Naona mimi?"

"Anakuona wewe."

Akavua miwani. Akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakisukuma nyuma mpaka nywele zote nyeupe zikawa wazi, kisha akauinua uso, akaugeuza kidogo kushoto, kidogo kulia, ili uonekane wote. Nilimwachia mkono. Nikakaa nyuma yake nikishikilia kile kibakuli, chokaa inakauka, na safari hii sikumharakisha mtu.